Tangi la gesi linajengwa mtaani: EWURA inaangalia nini, na siku likivuja nani anafanya nini?

MkaziWaBondeni:
Wakuu, heshima kwenu. Mtaani kwetu kinajengwa kituo cha kuhifadhi na kujaza gesi ya kupikia. Msingi umeshamwagwa zege na tangi limeletwa: la chuma, la kulala, kipenyo kama mita 3, urefu 12. Nyumba ya kwanza iko mita 30 hivi, na barabara ya mtaa inapita upande wa mteremko. Msimamizi anatuonyesha cheti cha mazingira na kusema mambo yote yako sawa. Serikali ya mtaa imeitisha mkutano na mimi nimepewa kazi ya kuandaa maswali. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inaingia hatua gani? Mita 30 zinatosha? Mpango wa dharura unatakiwa uwe na nini ndani? Nataka maswali ambayo mtu akijibu kwa porojo ajulikane hapohapo.

LeseniKwanza:
Cheti cha mazingira ni karatasi moja tu kati ya kadhaa, na si hiyo inayojibu swali lako. Kwa Tanzania Bara, NEMC wanaangalia athari kwa mazingira, halmashauri matumizi ya ardhi na kibali cha majengo, Zimamoto wanapitia ramani upande wa moto, OSHA usalama wa wafanyakazi na vyombo vya presha kama hilo tangi. EWURA ndiye mdhibiti wa shughuli yenyewe, chini ya Sheria ya Petroli ya 2015: anaidhinisha ujenzi kabla haujaanza, na ukiisha anakagua ndipo atoe leseni ya kuendesha. Hivyo ni vitu viwili, msikubali kuonyeshwa kimoja kwa niaba ya kingine. (PURA ni ya utafutaji na uzalishaji, ZURA ni ya Zanzibar. Watu wanazichanganya sana.)

Swali la kwanza mkutanoni: idhini ya ujenzi ya EWURA iko wapi, na ramani iliyopitishwa ndiyo hii inayojengwa? Waombeni waitandaze mezani, kisha mwende na futi kamba mpime kutoka tangi hadi ukuta wa mpaka. Tangi kusogezwa mita chache ili lori lipate pa kugeuzia ni jambo la kawaida kwenye saiti, na mita hizo chache ndizo zilizofanyiwa hesabu.

Jambo jingine ambalo wananchi hulikosea: mdhibiti hana gari la kuzima moto. Kazi yake kwenye dharura inafanyika kabla, kwa masharti ya leseni na ukaguzi, na baada, kwa kupokea taarifa, kuchunguza, na kusimamisha leseni ikibidi. Usiku wa tukio, dakika za kwanza ni za mwendeshaji mwenyewe, kisha Zimamoto kwa 114. Kituo ambacho mpango wake wa dharura ni "tutapiga simu" hakina mpango.

Bar_Saba:
Kuhusu mita 30. Kiwango cha Marekani, NFPA 58, kinachotumika sana duniani, kinataka mita 15 kutoka tangi la juu ya ardhi la ukubwa huo hadi jengo au mpaka wa kiwanja. Kwa hiyo msimamizi akikwambia mmepita kiwango, huenda anasema kweli. Lakini umbali huo umepangwa kwa uvujaji mdogo na moto wa kawaida. Haukupangwa kwa tangi kupasuka.

Piga hesabu. Tangi la 3 kwa 12 lina mita za ujazo 90 hivi. Halijazwi lote, linaishia asilimia 80 hadi 85 kwa sababu gesi ya maji (gesi ikiwa kimiminika ndani ya tangi) hutanuka ikipata joto. Hiyo ni tani 40 hivi. Moto ukilamba sehemu ya juu ya tangi, ambako ndani hakuna gesi ya maji ya kupokea joto, chuma hulegea na kupasuka hata kama valvu ya usalama inapumua vizuri. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, zidisha 5.8 kwa kipeuo cha tatu cha uzito wa kilo: mpira wa moto wenye kipenyo cha karibu mita 200. Hata lori la tani 20 peke yake, kipenyo ni karibu mita 157 na linawaka kwa sekunde 12 hivi.

Ndiyo maana mdhibiti makini haishii kwenye umbali wa mita. Anadai tathmini ya hatari yenye ramani ya joto na mlipuko: mzunguko huu watu wanaungua, huu vioo vinavunjika, na ndani yake wanaishi watu wangapi. Tazameni Embakasi, Nairobi, Februari 2024. EPRA, ndugu yake EWURA kule Kenya, ilikataa maombi ya kujenga kituo pale mara tatu mwaka 2023, mwezi Machi, Juni na Julai, na sababu kubwa ilikuwa tathmini hiyo kukosekana mahali penye msongamano wa watu. Wakati huohuo mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imeshatoa leseni, ambayo baadaye ilisema ilitolewa kinyume cha taratibu. Lori la gesi likalipuka usiku, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Mdhibiti alikuwa amesema hapana na kazi ikaendelea. Kwa hiyo ulizeni pia: EWURA kanda wamefika saiti lini, na ripoti ya ukaguzi inasemaje?

Kama bado inawezekana kubadilisha mchoro, ombeni tangi lifukiwe chini ya tuta la udongo. Moto haufikii chuma, na ule mpasuko wa kutisha unaondoka karibu wote. Gharama inapanda, ndiyo.

MkaziWaBondeni:
Asante sana wakuu, nilikuwa sijui hata pa kuanzia. Msimamizi amesema watafunga "mfumo wa maji" na mitungi ya kuzimia moto. Hapo niulize nini?

ValvuYaChini:
Uliza lita ngapi kwa dakika. Kanuni ya kupoza tangi ni lita 10 hivi kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya uso wake. Tangi lenu lina uso wa mita za mraba 130 hivi, kwa hiyo lita 1,300 kila dakika, na saa moja inakula lita 78,000. Tenki la plastiki la lita 10,000 juu ya mnara litaisha kabla dakika nane hazijatimia. Pampu nayo iwe ya dizeli au iwe na jenereta yake, kwa sababu jambo la kwanza kwenye uvujaji mkubwa ni kukata umeme wa kituo.

Mitungi ya unga ni kwa moto mdogo wa taka au wa gari. Gesi inayowaka kwenye mdomo wa bomba haizimwi kabla ya kufunga chanzo. Ukizima mwali huku gesi inatoka, umetengeneza wingu linalotafuta cheche. Gesi hii ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hadi mbili, inatambaa chini, inaingia mitaroni, na lita moja ya gesi ya maji inatoa lita 250 hivi za mvuke. Kwenye hewa inashika moto ikiwa asilimia 2 tu. Umesema barabara iko upande wa mteremko? Swali langu la kwanza lingekuwa hilo: mtaro wa maji ya mvua wa kituo unatokea wapi?

Feyzin, Ufaransa, Januari 1966, ndivyo ilivyokuwa. Mfanyakazi alikuwa anatoa maji chini ya tangi la propani lenye valvu mbili zilizofuatana. Alizifungua kwa mpangilio usio sahihi, iliyo karibu na tangi ikaganda kwa baridi na haikufungika tena. Wingu likateremka hadi barabarani, gari likaliwasha, na tangi likapasuka saa moja na nusu hivi baadaye. Watu 18 walifariki, wengi wao wazimamoto. Mpangilio sahihi: fungua kabisa ya karibu na tangi kwanza, kisha punguza na ongeza kwa ile ya nje. Ikiganda, itaganda ya nje, na ya ndani bado unaifunga. Muulizeni mwendeshaji nani amefundishwa hilo, kwa jina na zamu.

Hatari kubwa ya kila siku ni kupakua lori. Ombeni kuonyeshwa haya: waya wa kupeleka umeme tuli ardhini unafungwa kabla mpira haujaunganishwa, magurudumu yamewekewa vizuizi, valvu inayojifunga yenyewe mpira ukikatika ipo pande zote mbili, kitufe cha kufunga kila kitu kiko pale penye mpira na kingine kiko getini, ambako mtu anaweza kukifikia huku akikimbia. Valvu kuu ya tangi iwe ya kujifunga kwa hewa au haidroliki, na kipande chake kiyeyuke moto ukiifikia. Kitufe kijaribiwe mbele yenu. Kwenye vituo vingi kipo, kimefungwa kwa kipande cha waya ili kisibonyezwe kwa bahati mbaya.

LeseniKwanza:
Naongezea upande wa mtaa, kwa sababu mpango wa dharura unaoishia kwenye ukuta wa kituo ni nusu. Uwe na: namba za zamu usiku na mchana, mwelekeo wa kukimbilia kulingana na upepo (si "uwanja wa shule" kila mara, upepo ukielekea huko mnapeleka watoto kwenye gesi), nani anafunga barabara, na ving'ora vinavyotofautisha majaribio na tukio la kweli. Zoezi lifanyike pamoja na Zimamoto, na wafike na gari kweli, maana huko ndiko inakogundulika geti ni jembamba au tundu la haidranti (bomba la maji ya kuzimia moto) haliingiliani na mpira wao.

Kufunga barabara si jambo dogo. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakasogea kuchota, na zaidi ya 100 walikufa moto ulipowaka. Andikeni jina la anayesimama kila upande wa barabara na kamba iko wapi.

MkaziWaBondeni:
Na wale wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kule nyuma ya maduka? Nao ni wa EWURA?

Bar_Saba:
Ndiyo, kujaza bila leseni ni kosa, na taarifa unapeleka ofisi ya kanda au polisi. Kihandisi tatizo lao ni mizani. Wanapindua mtungi mkubwa juu chini, wanaunganisha mpira, wanajaza hadi sauti ikome. Mtungi unajaa gesi ya maji bila nafasi ya kutanukia, na ukiwekwa juani au karibu na jiko, valvu inaanza kutema. Mnunuzi anaweza kujikinga: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye kola yake. Jumlisha kilo 6 au 15, pima kwenye mizani ya duka. Ukizidi, usiuchukue. Ukipungua, umepunjwa, na hilo ni la Wakala wa Vipimo.