Nikijitangaza mufilisi, wadai wataniacha? (Moshi)

Mama_Belo, Kiborloni

Shikamooni wakubwa. Nauza mitumba Kiborloni, mwaka wa kumi na moja huu. Mwaka jana nilichukua mabelo matatu ya masweta kwa mali kauli, yaani nauza kwanza ndipo nalipa, kutoka Dar. Mawili yakatoka matambara matupu, na mwezi uleule mume wangu akalazwa. Tangu hapo nakopa hapa nalipa pale.

Hali yangu ni hii. Benki nadaiwa milioni 18, na hati ya nyumba yetu ya Pasua wanayo wao. Tajiri wa mabelo milioni 4 na nusu, tuliandikishana kwenye daftari tu. Kausha damu, yule mkopeshaji wa riba kali, milioni 2 na laki 4, kadi yangu ya benki na namba ya siri anayo yeye. VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, milioni 1 na laki 2, wenzangu watano walinidhamini.

Vijana wa kausha damu wanakuja nikiwa ndiyo nafungua kibanda, wananitangaza mbele ya wateja. Jumamosi walisema watarudi kubeba friji na cherehani. Kuna mtu kaniambia nikienda mahakamani nikajitangaza mufilisi, wadai wote wananyamaza siku hiyohiyo. Ni kweli? Silali jamani.

Dereva_Himo

Pole sana dada. Sheria siijui, ila usikimbie mji. Jirani yangu alikimbilia Mererani, wakamgeukia mzee aliyemdhamini. Mzee wa watu akauza ng'ombe wawili.

Karani_Mstaafu, Moshi

Marahaba mwanangu, na pole. Nimekaa masjala ya mahakama miaka 26, Arusha kisha hapa Moshi. Huyo aliyekuambia amekupa nusu ya habari.

Ni kweli kwamba Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, inamruhusu mdaiwa mwenyewe kupeleka ombi kwamba hawezi kulipa madeni yake. Linapelekwa Mahakama Kuu. Lakini karatasi ya ombi peke yake haimzuii mdai. Kinachomzuia ni amri. Mahakama ikishatoa amri ya kuweka mali zako chini ya mpokezi wa serikali (kazi hiyo iko RITA, walewale wa vyeti vya kuzaliwa), mdai asiye na dhamana hawezi tena kukuandama wewe wala mali zako kwa deni hilo, wala kukufungulia kesi bila ruhusa ya mahakama. Anapeleka madai yake kwa mpokezi na kungoja mgao na wenzake. Tajiri wako wa mabelo angeingia humo. Leo hii, akishinda kesi, anaweza hata kuomba ufungwe kifungo cha madai hadi miezi sita, yeye akilipia matunzo yako huko ndani. Ukiwa chini ya amri hiyo, njia hiyo inafungwa kwake.

Sasa sikiliza aliyokuficha. Mwenye dhamana mkononi haguswi na amri hiyo. Benki yenye hati yako inaweza kuuza nyumba kana kwamba hukwenda mahakamani kabisa. Kwa hiyo katika milioni 26 na laki moja unazodaiwa, 18 hazipati kinga yoyote. Na amri inakukinga wewe, haimkingi aliyekudhamini. Wale wanawake watano wa VICOBA watafuatwa palepale, laki mbili na arobaini kila mmoja wakigawana sawa.

Nawe pia unalipa. Mali zako zinakusanywa na kuuzwa, jina lako linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, unahojiwa hadharani mali ilikwenda wapi. Ukimhamishia ndugu yako kitu ili kukificha, mahakama inaweza kukirudisha. Nani tena atakupa belo kwa mali kauli? Miaka yangu yote masjala, mashauri ya mtu binafsi kujitangaza mufilisi niliyoyapokea hayafiki matano.

Hao vijana wasikutishe. Kudaiwa si jinai, na polisi si wakusanya madeni. Kitu ambacho hukukiweka rehani hakibebwi nyumbani kwako bila amri ya mahakama. Hata hukumu ikiwepo, sheria inaacha nguo, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi. Waombe leseni: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu. Na kesho nenda ukabadilishe namba ya siri. Deni lipo, lakini kadi ni yako.

Niambie jambo moja. Ulisaini karatasi yenye orodha ya vitu vya ndani?

Mama_Belo, Kiborloni

Asante sana mzee wangu. Nilisaini. Friji na televisheni vimo, cherehani haimo, nina hakika. Nakala hawakunipa.

Hilo la wenzangu limenichoma. Mmoja wao alinipikia uji wiki nzima mume wangu alipokuwa wodini. Siwezi kumwachia laki mbili na arobaini yangu. Mahakamani siendi.

Wakala_Kilombero, Arusha

Dada, anza na benki, na uende kabla hawajakuandikia. Mimi duka lilipoyumba nilikwenda na daftari la mauzo, nikaonyesha siku baada ya siku. Wakanikubalia miezi mitatu nilipe riba tu, kisha muda ukaongezwa. Nilikuwa nimechelewa rejesho moja tu. Ningengoja hadi la nne wasingenisikiliza.

Karani_Mstaafu, Moshi

Amesema kweli. Ujue pia kwamba chini ya Sheria ya Ardhi benki inatakiwa kukupa ilani ya siku 60 kabla ya kuuza, na mnada wa nyumba utangazwe siku zisizopungua 14. Mume wako alisaini ridhaa? Kama mnaishi humo, benki ilipaswa kuipata.

Friji na televisheni ni habari nyingine, maana ulivitaja mwenyewe. Dai nakala ya ile karatasi kwa maandishi, uipeleke kwa watoa msaada wa kisheria. KWIECO wapo hapahapa Moshi, wanasaidia wanawake. Cherehani wakiigusa, mwite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, andika tarehe na saa.

Mama_Belo, Kiborloni

Mume wangu alisaini, tulikwenda wote. Namba ya siri nimebadilisha leo saa nne asubuhi. Jumatatu niko benki na daftari. VICOBA nimewaomba nikae nao Alhamisi, nitaanza kuwapa elfu thelathini kila wiki kutoka kibandani, wao kwanza. Tajiri wa mabelo nimempigia, hakufoka. Kasema nimtumie chochote kila mwisho wa mwezi.