Haller au Nguuni: tunashindana kwa raha zetu, au tunamfanyia mwenye mali kazi ya bure?

Mwanakisauni:
Salaam nyote. Nimechokozwa nyumbani, sasa naleta chokochoko hadharani.

Kwetu ugomvi huzuka kila Idd inapokaribia. Nusu ya ukoo ni watu wa Haller, nusu watu wa Nguuni, zile bustani mbili za wanyama hapa Mombasa. Mimi ni wa Haller tangu utotoni, sijifichi. Idd iliyopita binamu yangu kanitumia picha ya jua likizama nyuma ya mikoma ya Nguuni, twiga wawili mbele kama waliopangwa na mpiga picha wa harusi, chini kaandika: "Nyinyi kaeni mumtazame kiboko akipiga miayo." Nikamrudishia picha ya mwanangu akimlisha twiga mkononi. Akanijibu, nikamjibu. Ikafika saa tano usiku, mke wangu akaniuliza: "Kwani wewe wamekuajiri?"

Neno hilo limenikaa. Kwa sababu bustani zote mbili zilianzishwa na kampuni moja, Bamburi ya saruji. Ni kama wake wawili wa mume mmoja. Sisi tunatoana jasho, huyu akimsifia bi mkubwa, yule akimpigia vigelegele bi mdogo, na kiingilio kinaingia nyumba ile ile. Basi nauliza, na nataka majibu ya watu wazima: huu ushindani wetu una faida kwa nani?

Bi Kiembeni:
Kwanza turekebishe. Bi mkubwa na bi mdogo unawapanga wewe? Nguuni si mdogo wa mtu. Ukifika jioni, upepo unavuma, pofu na choroa wanakula zao mbali, mbuni anakupita kama hakukuona, hapo ndipo utajua mtu hahitaji kuambiwa "tazama huku, tazama kule". Haller ni ziara ya shule. Unaingia kwa mstari, unatoka kwa mstari.

Pili, faida ni yetu. Mimi sijawahi kuona kiwanda kikinilipa ili niipende Nguuni.

Babu wa Mvinje:
Ziara ya shule? Mwanangu, pale unapopaita ziara ya shule palikuwa jiwe tupu. Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1954, kikachimba matumbawe mpaka pakabaki shimo jeupe linaloumiza macho juani. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akishughulikia mashamba ya kampuni, akapewa lile shimo aone kama chochote kitaota. Akajaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa chache za kuhesabu kwa vidole, na mvinje ndio ulioshika kweli.

Sasa sikiliza utamu wenyewe. Mvinje unaangusha majani kama sindano, na yale majani hayaozi upesi. Yalirundikana tu, udongo haupatikani. Dawa ikawa majongoo! Walikusanywa, wakaachiwa mle, wakala sindano, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Msitu mnaoukalia kivulini mkila mihogo ni kazi ya majongoo. Mwaka 1984 ndipo pakafunguliwa kwa watu.

Nguuni mlikuta nyasi na mikoma, mkasema "pazuri". Sisi tulikuta jiwe.

Bi Kiembeni:
Shikamoo babu. Lakini "sisi tulikuta jiwe" hiyo "sisi" ni nani? Ulikuwa jongoo?

Dereva wa Tuktuk:
Haller iko kando ya barabara ya Malindi, matatu inamshusha mtu mlangoni. Nguuni wananipanda mimi. Mimi ni Nguuni damu.

Mhasibu Mstaafu:
Huyu dereva peke yake ndiye aliyejibu swali. Yeye anajua anachopata.

Wengine wote hapa ni panzi. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Mimi nimefanya hesabu za biashara miaka mingi, sitaji za nani, na nawaambia hakuna tangazo la bei nafuu kama ndugu wawili wanaobishana chapa mbili za duka moja. Binamu wa Mwanakisauni katuma picha nzuri, bure. Yeye akajibu kwa picha nyingine, bure, tena kamtia mtoto wake ndani. Kampuni ingelipa pesa nyingi kupata hayo kwa mpiga picha.

Na niwaulize tena. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Bamburi ilinunuliwa na Amsons wa Tanzania. Mume kabadilika, wake ni wale wale. Katika mazungumzo yale, kuna shabiki wa Haller aliyeitwa? Wa Nguuni je? Mwenye hisa ndiye aliyesikilizwa. Mpenzi wa twiga hana kura.

Mrudi wa Columbus:
Nimeishi Columbus, jimbo la Ohio, miaka kumi na moja, nikifanya kazi ya kutunza wazee. Mada hii naijua kwa upande ambao hamjautazama, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Ohio kuna bustani mbili kubwa za michezo. Si za wanyama, ni za rolakosta, vile vitreni vinavyopandishwa mlima wa chuma kisha vikaachiwa. Chukua zile bembea za sikukuu pale Makadara, uzidishe mpaka moyo usimame. Kaskazini, kwenye ufuo wa Ziwa Erie, iko Cedar Point, ya tangu 1870. Kusini, karibu na Cincinnati, iko Kings Island, iliyofunguliwa 1972. Columbus tuko katikati, kwa hiyo chumba chetu cha mapumziko kazini kiligawanyika kama nyumba ya Mwanakisauni.

Zamani zilikuwa za wenyewe mbalimbali. Mwaka 2006 kampuni ya Cedar Fair, mwenye Cedar Point, akainunua Kings Island pamoja na nyingine. Yaani mke wa pili aliletwa na jina lake, watoto wake, na kiburi chake. Hapo utani ndipo ulipopamba moto. Mtu wa kusini ana The Beast, ya mbao, ya mwaka 1979, njia yake inapita kilomita 2.2 msituni, hakuna ya mbao iliyo ndefu kuliko hiyo duniani. Mtu wa kaskazini anakucheka: mbao? Sisi mwaka 2000 tulijenga Millennium Force, urefu wa kwenda juu futi 310, na mwaka 2003 nyingine ya futi 420.

Mwaka 2020 Kings Island wakapata Orion. Mteremko wake futi 300 kamili. Lakini ukiipima kutoka ardhini kwenda juu ni futi 287, kwa sababu chini imechimbiwa bonde. Subhanallah, watu wazima, wana mikopo ya nyumba, walibishana wiki nzima kama Orion ni jitu, yaani rolakosta ya kufika futi 300, au si jitu! Muuguzi mmoja wa kaskazini alisema huyo ni mtu mfupi aliyechimba shimo ili aonekane mrefu. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Mzee Mhasibu, ulichosema kuhusu matangazo ya bure ni kweli tupu. Ila niliona na jambo jingine. Julai 2024 Cedar Fair iliungana na Six Flags, zikawa bustani 42 chini ya kampuni moja, ukihesabu na zile za maji. Wale wale waliokuwa wakitukanana kuhusu futi 13 ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza: rangi ya The Beast itapigwa mwaka huu? Wafanyakazi wa msimu watapunguzwa? Mtu wa kawaida hakujua hata cha kuuliza. Hawa walijua kila skrubu, kwa sababu miaka yote walikuwa wakitafuta kasoro ya mwenzao na kuficha yao.

Mhasibu Mstaafu:
Na walijibiwa?

Mrudi wa Columbus:
Mengine ndiyo, mengine la. Lakini waliuliza.

Mwanakisauni:
Hapa nimeanza kuelewa kwa nini siwezi kuacha. Nikijichunguza, najua Haller vitu ambavyo hata sikuvitafuta. Najua kiboko mdogo Owen aliokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 karibu na Malindi, akaletwa pale, akamganda kobe wa Aldabra aitwaye Mzee, mwenye umri wa miaka kama 130, mpaka wakalala pamoja. Nilikisoma kisa kile chote kwa sababu moja tu: binamu yangu alisema Haller haina hadithi.

Mzee wa Kibokoni:
Mnazungumza kama utani umeanza jana. Mji huu ulikuwa na beni, vijana, ngoma ya tarumbeta na gwaride, ya vikundi viwili. Kingi na Skochi. Watu walivaa kama maofisa wa manowari, wakapiga tarumbeta, wakatungiana nyimbo za kuchomana, wakala na kunywa kwa kushindana hadi wengine wakafilisika. Lamu nako, mitaa ya Mkomani na Langoni mpaka leo hawapishani bila kijembe.

Lakini iko tofauti ambayo hakuna aliyeisema. Beni ilikuwa ya wenyewe. Tarumbeta walinunua wao, fedheha ya kushindwa waliibeba wao, na ushindi ulikaa mtaani kwao. Hakukuwa na tajiri aliyemiliki Kingi na Skochi akaketi katikati akipokea kutoka mikono miwili. Kwa hiyo Mhasibu yuko sawa, na huyu wa Columbus yuko sawa, na mwenye swali bado hajajibiwa.

Bi Kiembeni:
Basi mimi namjibu, kwa ubishi wangu wa kike. Wake wenza wana mume mmoja, ndiyo. Na mke mwenza mwenye akili hufanya nini? Haendi kwa mume kulia. Anahesabu. "Kule ulipeleka kitanda, hapa kiko wapi?" Zamu inadaiwa kwa kuhesabu. Nguuni nataka vivuli vya kukalia mama zetu wazee, na nitadai kwa sauti kwa sababu Haller kivuli kipo. Watu wa Haller nao wadai walichokiona Nguuni. Mume ni yule yule, asijidai hajui.

Ushabiki wa picha tu, hapo nampa Mhasibu ushindi. Ushabiki wa kuhesabu, hapo hanipati.

Mhasibu Mstaafu:
Sikuwahi kufikiri nitafundishwa hesabu na mtu wa Nguuni. Nakubali nusu. Nusu nyingine nasubiri kuona kama mtahesabu kweli au mtaishia kupiga picha za jua.

Babu wa Mvinje:
Mimi nadai kwamba mivinje mikongwe ikianguka ipandwe mingine. Na majongoo yasikanyagwe na watoto wa Kiembeni.

Mwanakisauni:
Haya. Idd pili, asubuhi Haller, alasiri Nguuni, siku moja, ukoo mzima. Kila upande unaandika kilichopungua kwa mwenzake. Si kilichopendeza, kilichopungua. Kisha tunakaa chini ya mkoma tunasomeana, na karatasi zote mbili zinapelekwa ofisini kwao kwa mkono. Mahamri na mbaazi juu yangu.

Bi Kiembeni:
Nimekubali, lakini jua likizama hakuna kusomeana. Tunanyamaza, tunatazama. Hata watu wa Haller.

Dereva wa Tuktuk:
Ukoo mzima ni watu wangapi? Kutoka Haller hadi Nguuni nawafanyia bei ya ndugu, ila babu wa majongoo akae mbele, ana maneno mengi.