Naomba ushauri: tumwache mshambuliaji wetu aliyekaukiwa mabao, au tumvumilie?

Katibu_Chumbageni

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote wasiojibu salamu hiyo. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa hapa Tanga inayoshiriki ligi ya mkoa, na ninaleta kwenu jambo ambalo limeigawa kamati yetu katika pande mbili zisizosikilizana tena.

Mshambuliaji wetu wa kati, kijana wa miaka 24 ambaye msimu uliopita ndiye aliyetubeba, na ambaye katika mzunguko wa kwanza wa msimu huu aliongoza kwa mabao ndani ya kikosi chetu, hajafumania nyavu tangu mzunguko wa pili uanze. Amekosa penalti moja, na mabao ya wazi ambayo zamani angeyafunga bila kufikiri sasa yanapita mbele yake. Mashabiki waliokuwa wakiimba jina lake wameanza kumzomea hata kabla hajagusa mpira. Mfadhili wetu, ambaye ndiye anayetulipia nauli tunapokwenda Muheza, Korogwe na Pangani, anataka tumwondoe kikosini na nafasi yake apewe kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, mwenye mbio nyingi lakini asiye na uzoefu. Kocha kwa upande wake anasema hawezi kumtupa mtu aliyemjengea timu.

Mechi zilizobaki si nyingi, na bado tunayo nafasi ya kupigania ubingwa wa mkoa na kwenda kwenye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Naomba ushauri wa watu waliocheza, waliofundisha au walioongoza timu. Tumwache, tumweke benchi, au tuendelee naye?

Mkongwe_wa_Mkwakwani

Ndugu katibu, nimeutazama mpira wa Tanga tangu siku ambazo Uwanja wa Mkwakwani ulikuwa ukijaa kabla ya saa nane mchana, na niliiona Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988. Nitakuambia wazi kwamba timu haijengwi juu ya mtu mmoja. Mchezaji asiyefunga anakaa benchi, na yule mwenye njaa anaingia. Hakuna dhuluma hapo, kwa sababu hata yeye alipoingia kikosini kwa mara ya kwanza kuna mtu alimpisha. Mkiendelea kumpanga kwa sababu ya wema wa msimu uliopita, mtawafundisha vijana kwamba jina linacheza badala ya miguu.

Mwalimu_Bagamoyo

Mzee wangu hapo juu, shikamoo. Naheshimu uzoefu wako, lakini naona tunafika kwenye hukumu kabla ya kuuliza swali la kwanza, nalo ni hili: je, kijana huyu anazipata nafasi na kuzikosa, au hazipati kabisa? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa jingine.

Ninafundisha sekondari hapa Bagamoyo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia besiboli, mchezo ambao umeingia katika baadhi ya shule zetu kwa msaada wa Wajapani. Naomba mnivumilie niutumie hapa, kwa sababu sijaona mchezo mwingine ambao watu wake wamehangaika na swali hili kwa undani kiasi hicho. Katika besiboli, mpigaji anaweza kuupiga mpira vizuri sana na ukaishia mikononi mwa mpinzani aliyesimama mahali pake kwa bahati tu, na anaweza kuupiga vibaya ukaangukia mahali pasipo na mtu, akahesabiwa amefaulu. Kwa hiyo matokeo ya wiki chache hudanganya. Wenye busara hawatazami tu ni mara ngapi amefaulu. Wanatazama kama bado anaupiga mpira kwa nguvu, kama bado anachagua mipira ya kuipiga na ya kuiacha, na kama ameanza kuukosa kabisa kwa gongo lake.

Mwaka 2009 David Ortiz wa Boston Red Sox, mmoja wa wapigaji wakubwa wa zama zake, aliuanza msimu vibaya mno, na mpigo wake wa kwanza wa kuutoa mpira nje ya uwanja haukuja mpaka tarehe 20 Mei. Wengi walisema amekwisha. Alimaliza msimu huo akiwa na mipigo 28 ya namna hiyo, mwaka 2013 alichaguliwa mchezaji bora wa fainali za ubingwa, na mwaka 2016, akiwa na miaka 40 katika msimu wake wa mwisho, aliutoa mpira nje mara 38.

Lakini yupo pia Chris Davis wa Baltimore Orioles, ambaye mwaka 2013 aliutoa mpira nje mara 53. Klabu yake ikampa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 161. Kufikia mwaka 2018 wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.168, yaani alifaulu mara 17 hivi katika kila zamu 100, wa chini kuliko wa mpigaji yeyote aliyewahi kufikisha idadi ya zamu za kutosha katika msimu mmoja. Kati ya Septemba 2018 na Aprili 2019 alipita zamu 54 mfululizo bila kufaulu hata mara moja. Klabu ilimvumilia kwa miaka, naye hakurudi, akastaafu mwaka 2021. Tofauti ni kwamba kwa Davis haikuwa bahati mbaya ya mipira kudakwa. Alikuwa anaukosa mpira wenyewe, tena na tena.

Ndiyo maana nakuuliza, ndugu katibu, kabla ya mtu yeyote kusema benchi au uvumilivu. Kaa na kocha mkumbuke mechi hizi moja baada ya nyingine. Anafika mahali pa kufunga?

Shabiki_Ngamiani

Naungana na mzee. Huyo wa kidato cha nne nimemwona akicheza, ana kitu. Mpeni nafasi.

Katibu_Chumbageni

Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako, maana lilinifanya niende nyumbani kwa kocha jana baada ya magharibi, tukakaa na daftari lake. Majibu yametuhuzunisha. Katika mzunguko wa kwanza alikuwa akifika kwenye krosi kabla ya beki, na hata mechi ambazo hakufunga alikuwa amelilenga lango mara kadhaa. Sasa hafiki. Krosi inapigwa, yeye yuko nyuma ya beki kwa hatua moja au mbili. Pasi ya kupenyeza inapita, anaanza kukimbia ikiwa imeshapita. Kocha ameandika pia kwamba kipindi cha pili anatembea, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Hata hivyo si mechi zote, kwa sababu zipo mbili katikati ambazo alicheza kwa kasi yake ya zamani na kugongesha mwamba. Hatukuelewa kwa nini mbili hizo zilikuwa tofauti.

Je, hii ina maana yeye ni wa aina ya Davis?

Tabibu_wa_Viungo

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na ningeomba neno "amekwisha" lisitumike kwa kijana wa miaka 24 mpaka mwili wake uangaliwe. Kuchelewa hatua moja ni dalili ya mwili kabla ya kuwa dalili ya moyo. Mchezaji aliyepoteza kujiamini kwa kawaida anafika kwenye mpira halafu anasita, anatoa pasi pale alipopaswa kupiga, au anaupiga kwa haraka ili aondokane nao. Mchezaji ambaye hafiki ana jeraha analolificha, au ana uchovu, au hali vizuri.

Mnamkumbuka Fernando Torres. Chelsea ilimnunua kutoka Liverpool mwezi Januari 2011 kwa pauni milioni 50, na alicheza dakika 903 kabla ya kuifungia bao la kwanza, dhidi ya West Ham, mwezi Aprili. Dunia nzima ilizungumza juu ya kujiamini kwake, na ni wachache waliokumbuka kwamba Aprili 2010 alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na kwamba mchezo wake wote ulitegemea kasi ya hatua za mwanzo. Sisemi kwamba kujiamini hakukuwa na nafasi. Nasema goti lilipaswa kutajwa kwanza.

Tafadhali mwulizeni kuhusu magoti, nyonga na nyama za paja, na mwulizeni analala saa ngapi. Mtu wa umri wake anahitaji saa 7 hadi 9 za usingizi. Na mnisaidie pia kujua anafanya kazi gani, kwa sababu wachezaji wa ligi ya mkoa hawaishi kwa mpira.

Bi_Mwana_DeepSea

Wanangu, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, nanunua pale Deep Sea mashua zinapoingia alfajiri, na sina elimu ya mpira zaidi ya kuwa na watoto wa kiume wanaoucheza. Lakini nimesoma maneno ya katibu kuhusu mechi mbili zilizokuwa tofauti, na nina swali moja kwake. Huyo kijana anavua?

Nauliza kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta dagaa pale tu penye giza, kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kali mashua nyingi hupumzika, na giza la mwezi linaporudi vijana wanatoka kila usiku kwa wiki mbili na zaidi, wanarejea alfajiri, wanashusha mzigo, wanagawana, na jua limeshapanda kabla hajapata mahali pa kuweka kichwa. Mimi nawaona. Kijana aliyetoka baharini alfajiri, ukimtaka akimbie saa kumi jioni, unamtaka atoe kitu ambacho hana. Tazama kalenda yako, mwanangu, uone mechi hizo mbili nzuri ziliangukia mwezi gani wa angani.

Mwalimu_Bagamoyo

Bi Mwana, Mungu akuzidishie. Hili hakuna kati yetu aliyelifikiria, na ninaona linaweza kujibu swali ambalo mimi nililiacha wazi.

Katibu_Chumbageni

Bi Mwana, shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuuliza kwanza.

Anavua. Baba yake alipata kiharusi karibu na mwisho wa mzunguko wa kwanza, na yeye ndiye mkubwa, ana wadogo watatu wanaosoma. Alikuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo mchana, akaiacha kwa sababu mashua inalipa zaidi katika usiku mwema. Hakumwambia kocha, maana aliogopa kwamba angeambiwa achague. Nimelinganisha tarehe na kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa dukani kwangu, na mechi zile mbili zote ziliangukia katikati ya mwezi, tarehe 14 na 16, wakati mashua zimelala. Mechi nyingine karibu zote ziliangukia siku za giza. Magoti yake hayana tatizo, tumempeleka akapimwa.

Sasa niseme ukweli kwamba kamati haijawa na sauti moja hata baada ya haya. Mfadhili anasema sababu si kitu, matokeo ndiyo hayo hayo.

Mkongwe_wa_Mkwakwani

Nilichokiandika mwanzo sikifuti, kwamba asiyeweza kukimbia asipangwe. Lakini kumpumzisha katika mechi fulani na kumwacha ni mambo mawili. Mwambieni mfadhili kwamba John Bocco alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu akiwa na Azam msimu wa 2011/12 kwa mabao 19, na akawa mfungaji bora tena akiwa na Simba msimu wa 2020/21 kwa mabao 16. Miaka tisa kati ya hapo na hapo. Mshambuliaji anayejua kufunga hapatikani dukani, na mkimwachia mwaka huu mtamkuta mwakani amevaa jezi ya wapinzani wenu wa Ngamiani, akiwafunga ninyi.

Ushauri wangu wa kazi ni huu. Chukueni ratiba ya mechi zilizobaki na muiweke kando ya kalenda ya mwezi. Zile zinazoangukia mbalamwezi, aanze yeye. Zile za giza, aanze huyu mdogo, na mshambuliaji wenu aingie dakika 25 za mwisho mabeki wakiwa wamechoka, maana mtu aliyechoka akikutana na waliochoka zaidi bado anaweza kufunga kwa akili. Na mdogo huyo afanye mazoezi pembeni yake, ajifunze namna ya kukaa kwenye eneo la hatari, kwa sababu mbio peke yake hazifungi.

Tabibu_wa_Viungo

Nakubaliana, kwa nyongeza moja. Mkiweza kumpata nahodha wa mashua yake, mwombeni amruhusu asitoke usiku wa kuamkia mechi, na timu imfidie mgawo wa usiku huo mmoja. Nadhani ni gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda Korogwe kupoteza pointi tatu. Usiku mmoja hautaufuta uchovu wote, lakini utamrudishia sehemu ya ile hatua anayochelewa.

Bi_Mwana_DeepSea

Manahodha wengi wa pale nawafahamu, na baadhi yao ni mashabiki wa timu yenu. Nitumie ujumbe binafsi unitajie mashua, mwanangu, nitazungumza naye mwenyewe. Na mzomeaji yeyote ninayemjua nitamwambia habari za baba yake kijana, ikiwa kijana ataridhia zisemwe.

Katibu_Chumbageni

Nimekutumia ujumbe, Bi Mwana. Kijana ameridhia habari hizo zisemwe kwa kamati, lakini si uwanjani, na nimemwahidi hivyo. Kamati inakutana Ijumaa baada ya swala. Nitapeleka pendekezo la mzee wa Mkwakwani kuhusu ratiba na la tabibu kuhusu mgawo wa usiku, na kocha ameshakubali yote mawili. Kuhusu mfadhili, kocha na mimi tutakwenda kwake kesho na daftari na kalenda, aone tarehe kwa macho yake kabla hajaingia kikaoni. Mechi yetu ijayo ni ya ugenini Pangani, tarehe 13 ya mwezi wa Kiislamu.