Mama kahamia Houston, PCP (daktari wake wa kawaida) mpya hampokei

Mama Neema, Houston:
Habarini wanajamii. Mama yangu ana miaka 73, alikuwa kwa kaka Minneapolis, sasa nimemleta huku. MA yake (Medicare Advantage, yaani Medicare, bima ya wazee, kupitia kampuni binafsi) ni HMO ya kule, plani inayolipia madaktari wa mtandao wake tu. Bima wanasema yuko ndani ya SEP (muda maalum wa kubadilisha plani), kliniki wanasema hawamwoni kwenye mfumo. Juzi ikabidi tulipe keshi. Daktari hata hakumtazama Mama, akawa anamuuliza binti yangu wa miaka 11 kama bibi anapata choo. Mtoto kainama, Mama kajifanya hajasikia. Kule Minneapolis mkalimani alikuwa anapigiwa simu kabla hatujaomba. Naomba kujua: nijaze fomu ipi, na asaini Mama au mimi?

Baba Salim, Minneapolis:
Pole dada. Ndiyo Texas hiyo, Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, wamegoma kuipanua mpaka leo. Mrudishe Mama huku, baridi haiui.

Chande, Columbus:
Mzee, upanuzi ule ni wa walio chini ya miaka 65, haumhusu. Medicare ni ileile popote, zinazotofautiana ni plani na hospitali za mtaa. Dada, SEP inaisha miezi miwili baada ya mwezi aliohama, au baada ya mwezi mlioiarifu plani kama mliiarifu baadaye. Mama mkwe wangu alizembea, akajikuta kwenye Original Medicare (ile ya serikali moja kwa moja) bila plani ya dawa.

Rehema, Baltimore:
Ileile kwenye makaratasi, Chande. Utafiti wa 2007 ulikuta asilimia 5 ya hospitali ndizo zilizohudumia karibu asilimia 44 ya wazee weusi wote wa Medicare waliolazwa. Hospitali ikielemewa, hata mzee wa kizungu akilazwa humo atalalamika. Ila msiniambie ni mtaa tu. Mimi ni muuguzi: wodi moja, zamu moja, na bado kuna kengele zinazokimbiliwa na zinazosubirishwa. Na huyo daktari kakosea, Section 1557, kifungu cha sheria ya afya kinachokataza ubaguzi, hairuhusu mtoto kutafsiri isipokuwa dharura. Mkalimani ni haki ya Mama, bure.

Baba Salim:
Rangi, rangi! Daktari wangu Mnigeria na salamu yangu haitikii. Nyumbani Tanzania foleni ndefu, sawa, lakini utaitwa mzee na utapishwa kiti.

Chande:
Ukishakaa kwenye hicho kiti unatumwa ukanunue glavu. Bima ya afya kwa wote imepitishwa 2023, waulize walioko kijijini kama wameiona.

Rehema:
Tusianze siasa. Ila shikamoo ya muuguzi nimeikumbuka, jamani. Huku mzee wa miaka 80 anaitwa jina lake la kwanza na mtoto wa juzi.

Mama Neema:
Asanteni wote. Na fomu je?

Baba Salim:
Fomu gani tena?

Mwajuma, Dallas:
Samahani kuingilia. Kuna anayekwenda Dar Desemba mwenye nafasi ya kilo mbili? Ni dawa za presha za baba.