Cheti cha ndoa cha wazazi kimeliwa na mchwa, nianzie wapi kutafuta nakala?

binti_nkuhungu
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Baba yetu alifariki mwezi wa tatu, alikuwa mstaafu, sasa mama anafuatilia mirathi na mafao kaambiwa alete cheti cha ndoa. Cheti kilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kufungua tukakuta mchwa wametoboa toka chini wamekula karatasi zote, kimebaki kipande kama kiganja hivi chenye nusu ya mhuri na tarakimu tatu za mwisho za namba. Mama kakifunga kwenye pindo la kanga hataki mtu akiguse. Walifunga ndoa RC (Katoliki) upande wa Chilonwa, wilaya ya Chamwino, mwaka hana uhakika, anachokumbuka ni kwamba Rais Mwinyi alikuwa ashaingia madarakani na kaka yetu mkubwa kazaliwa 88. Nilienda ofisi moja hapa mjini nikaambiwa bila namba kamili hakuna msaada, nikarudi. Nifanyeje jamani, mama miguu inamsumbua sitaki azungushwe.

Mzee_wa_Makole
Pole sana binti yangu, Mungu amlaze baba mahali pema. Hiyo namba isikukatishe tamaa. Ndoa ya kanisani inaandikwa kwenye kitabu cha ndoa, wanandoa wanapewa cheti chao na nakala inatakiwa iende serikalini kwa Msajili Mkuu, siku hizi ni RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kwa hiyo kilicholiwa ni karatasi yenu tu, kumbukumbu haikuwa kwenye lile sanduku. Anza kanisani. Na uliza hivi: hilo kanisa enzi hizo lilikuwa parokia au kigango, yaani kanisa dogo chini ya parokia? Maana kama lilikuwa kigango ndoa iliandikwa kwenye kitabu cha parokia mama, na hata kama leo kimeshapandishwa kuwa parokia, vitabu vya zamani waweza kuvikuta kule kule kwa mama. Mimi nilihangaika wiki mbili kwa kutojua hilo.

mrangi_halisi
Naongezea hapo kwa mkuu, na wilaya nayo iangalie. Sisi kwetu Chemba, wazee wetu walioa kabla ya 2012 wakati bado ni Kondoa, tumeenda Chemba hola, kumbe vitabu vya miaka hiyo viko Kondoa. Shekhe aliyewafungisha alishafariki lakini daftari lake mwanae alikuwa nalo, ndo likatupa tarehe. Nyie Chamwino imezaliwa juzi tu 2007, kabla ya hapo ilikuwa Dodoma Vijijini pamoja na Bahi, hivyo ukienda kwa DAS (Katibu Tawala wa Wilaya) wa Chamwino wakakosa usiseme haipo, waulize vitabu vya Dodoma Vijijini vilihifadhiwa wapi.

binti_nkuhungu
Asanteni sana, hilo la kigango hata sikuwaza. Ila bila mwaka watatafutaje?

Mama_Ilazo
Mdogo wangu kitabu cha ndoa kinaandikwa kwa tarehe, kwa hiyo 86 hadi 88 si kurasa nyingi, omba kwa upole wakuangalizie zote. Uwe na jina la mama la usichana na jina la baba yake, sio hilo la mume analotumia sasa, na majina ya ubatizo vile yalivyoandikwa zamani, Yohana sio John. Kingine ambacho watu wa RC tunakisahau, ukifunga ndoa taarifa inarudishwa parokia uliyobatizwa inaandikwa kwenye kitabu cha ubatizo pembeni ya jina lako. Kitabu cha ndoa kikikosekana nenda alikobatizwa mama. Na mpe mama picha ya harusi aitazame, wazee walikuwa wanaandika tarehe kwa nyuma.

wakili_msomi_Area_D
Hata ukikosa kote mama hapotezi haki yake. Ndoa haifi kwa kukosa karatasi. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160, mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua hivyo, inachukuliwa ni mke na mume mpaka mtu athibitishe vinginevyo, kwa hiyo msimamizi wa ndoa kama yuko hai, majirani na barua ya mtendaji wa kijiji vinaweza kutumika mahakamani. Lakini hiyo ni njia ndefu na ndugu wa mume wanaweza kuipinga, tafuta kitabu kwanza. Chukua loss report polisi na kiapo cha kupotea cheti. Hicho kipande msikitupe. Na malipo yoyote ya serikali dai control number, ile namba ya kulipia serikalini, vishoka wamejaa getini usimpe mtu hela mkononi.

binti_nkuhungu
Wakuu nimerudi. Nyuma ya picha hamna kitu ila mama kuitazama akakumbuka mahindi yalikuwa yameshavunwa. Tumeenda parokia mama leo, katekista mzee akatoa kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa, 86 hamna, akaenda taratibu kwa kidole ukurasa kwa ukurasa, Agosti 1987 huyu hapa baba na sahihi yake, pembeni yake mama, na upande wa mashahidi babu yangu ameweka dole gumba kwa wino wa bluu. Mama akaweka kidole chake juu ya lile dole akanyamaza muda mrefu. Namba ya cheti ipo, tarakimu tatu za mwisho ni zile zile za kwenye kanga. Paroko katuandikia barua yenye mhuri, Jumatatu tunaipeleka Chamwino kwa DAS kuomba nakala iliyothibitishwa, kaka anamfuata mama na gari asipande basi.