Diski inatolewa kwenye RAID 5 ilhali ikipimwa ni nzima, naombeni msaada

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Nina seva ya Linux yenye diski nne za kawaida, zile za kompyuta ya mezani, nimeziunga kwa mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski), RAID 5, yaani diski moja ikifa data yake hukokotolewa kutoka zilizobaki. Mwezi huu diski ya tatu imetolewa mara mbili. Logi ya jana inaonyesha amri ya kusoma imepitiliza muda, SATA (njia inayounganisha diski na seva) ikajiriseti mara kadhaa, kisha diski ikatupwa nje. Asubuhi nikiipima kwa smartctl (programu ya kupima afya ya diski) inasoma, ina sekta 8 tu zinazosubiri, yaani vipande vidogo vya diski vilivyogoma kusomeka. Waya nimebadilisha, pawasaplai pia. Humo mna hesabu za duka za miaka sita, usingizi sipati. Ninunue kontrola nyingine?

Mchangiaji 1:
Pole mkuu. Bekapu ipo? RAID si bekapu.

Mchangiaji 2:
Usinunue kontrola. Kerneli (kiini cha Linux) ikituma amri kwa diski husubiri sekunde 30. Diski za mezani zikikuta sekta mbovu huing'ang'ania hata dakika mbili na zaidi, na muda wote huo zinakaa kimya. Draiva inachoka kusubiri, inariseti, mdadm inaihesabu diski imekufa. Diski za seva huachia baada ya sekunde 7 hivi na kusema wazi kwamba sekta fulani haisomeki. Hapo mdadm hukokotoa data kutoka diski nyingine na kuiandika upya. Jaribu:

smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdc

Hiyo scterc ni ukomo wa muda wa diski kung'ang'ania sekta mbovu, na 70 ni sehemu za kumi za sekunde, yaani sekunde 7.

Mleta mada:
Imekataa, inasema haina uwezo huo. Bekapu ni ya Machi, nimeanza kunakili sasa hivi.

Mchangiaji 2:
Simamisha kwanza! Umebaki na diski tatu, moja ikinyamaza zote zinaanguka. Ziongezee muda wa kusubiriwa na kerneli, sekunde 180, kila moja:

echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout

Ukizima seva inapotea, kwa hiyo iweke kwenye skripti ya kuwaka.

Mchangiaji 3:
Naongezea: hiyo yenye sekta 8 mimi nisingeirudisha. Weka mpya, tena inayokubali scterc.

Mleta mada:
Nimeweka 180 kwa zote tatu. Saa nne usiku kunakili kulisimama karibu dakika nzima, nikabaki nimekodolea taa ya diski, halafu kukaendelea. Logi haina riseti hata moja. Bekapu imekamilika alfajiri, kesho naenda kununua diski.