Majirani wa Chumbageni

Rukia: Asalaam aleikum majirani. Nani anajua maua? Hii airisi ya Siberia aliyoniletea wifi kutoka Ujerumani, mwaka wa pili namwagilia, naona majani tu. [picha]

Bi Mwanahamisi: Waaleikum salaam. Mie nilidhani mchaichai 😂

Rukia: Bi wee! Ni aina mbili. Ya zambarau iliyokoza yaitwa Caesar's Brother, ipo tangu 1932. Nyeupe na manjano ni Butter and Sugar.

Salimu: Siagi na sukari? Ua hilo au chapati?

Mzee Kombo: Mwanangu Rukia, kwao majani hukauka, mzizi wake ule kama tangawizi ukalala kwenye baridi kali miezi kadhaa. Ukiamka ndipo uchanue. Hapa Tanga utalala lini? Januari hata sisi hatulali.

Rukia: Nikiutia kwenye friji?

Salimu: Umeme ukikatika je?

Rukia: Basi niupeleke Lushoto kwa shangazi.

Mzee Kombo: Baridi ya Lushoto yatosha sweta, ua hilo haiwezi kulilaza. Halafu udongo. Lenyewe lapenda unyevunyevu na uchachu kidogo, na hapo kwako chini ni matumbawe, chokaa tupu.

Rukia: Ndiyo maana nikalitilia jivu.

Mzee Kombo: Jivu! Umezidi kulichokoza. Nani kakwambia?

Rukia: …Bi Mwanahamisi.

Bi Mwanahamisi: Mie nilisema la migomba!

Mzee Kombo: Wala si wewe peke yako Rukia. Yule von Saint Paul, mkuu wa Kijerumani hapa Tanga, 1892 aliipeleka kwao vayoleti ya Usambara. Mpaka leo wanaifuga ndani, dirishani. Nje baridi itaiua.

Rukia: Sasa nipande nini pale mbele?

Mzee Kombo: Tafuta airisi ya Afrika, Dietes. Ni jamaa wa hiyohiyo, majani kama panga, ua jeupe lenye zambarau na manjano katikati. Porini Tanzania ipo. Iweke kivulini. Ila ua lake lafunguka asubuhi, jioni limekwisha.

Salimu: Waja leo waondoka leo! Hilo sasa ndilo ua la Tanga 😂😂

Bi Mwanahamisi: Rukia, hayo majani usitupe. Nina mbuzi wa Idi hapa.

Mzee Kombo: Mbuzi usimpe Bi, yana sumu, yatamharibu tumbo.

Bi Mwanahamisi: Siagi na sukari gani hiyo, hata mbuzi hali?